Utii na Shukrani Katika Miaka ya Vita

Katika jubilii yafaa tusihesabu tu makanisa yaliyojengwa, bali tuulize pia jinsi Wakristo wa kwanza walivyosimama siku zile ambazo hapakuwa na wa kuwasimamia. Maana utii wa mtoto haujulikani baba akiwa mlangoni. Hujulikana baba akiwa safarini.

Injili ilifika katika nyanda zetu za juu kwa njia ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1891 Wamoraviani wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Johannes Häfner na Georg Martin, walitumwa kutoka Herrnhut, Ujerumani. Martin alifariki mwaka uo huo. Wenzake wakajenga Rungwe, chini ya mlima wenye jina hilo. Mwaka 1895 kikafunguliwa kituo cha Utengule katika nchi ya Usafwa, alikokaa Merere, mtawala wa Wasangu. Na mwaka 1899 kituo cha Mbozi kwa Wanyiha. Katika nchi hiyo ya Usafwa ndimo ilimo Uyole yetu, hapo njia ya Tukuyu inapoachana na njia ya Iringa.

Kisha ikaja Vita Kuu. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, chakula kikapungua, na mwaka 1918 yakafuata mafua yaliyoua watu wengi. Kanisa likabaki bila wachungaji wake, wala halikufa. Walimu na wazee wa kanisa waliendelea kuwakusanya watu na kuwafundisha. Ndugu zetu wa Misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, wakaja kuwatunza kama jirani aleaye mtoto asiyemzaa, hata Wajerumani wakaruhusiwa kurudi tangu mwaka 1925. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wakawekwa kizuizini tena, na mzigo ukarudi mabegani mwa wenyeji.

Mtume Paulo naye alikuwa kifungoni alipowaandikia Wafilipi. Aliwasihi watii si mbele yake tu, bali zaidi sana akiwa mbali nao. Na katika waraka uo huo aliwashukuru kwa msaada walioupeleka kwa mkono wa Epafrodito. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyofungwa pamoja. Mtu asiyekumbuka alichopewa, utii wake ni wa woga, nao hukoma msimamizi akiondoka. Bali mwenye shukrani hutii hata asipoonwa, kwa kuwa anamjua aliyempa.

Basi, somo hili latuhusu kila siku. Mnunuzi wa viazi amlazimishaye mkulima kufunga lumbesa ajiulize kama angefanya hivyo mbele ya mchungaji wake. Muuzaji apangaye viazi vizuri juu na vibovu chini ajiulize vivyo hivyo. Mwalimu na afundishe siku asiyokuja mkaguzi kama siku aliyokuja. Na siku ya mavuno tusilete madhabahuni mahindi yaliyotobolewa na wadudu, tukajiwekea mema ghalani. Hiyo si shukrani, ni kutupa taka mahali patakatifu.

Wale wakoma kumi wote walitii, wakashika njia kwenda kwa makuhani; aliyerudi kushukuru ni mmoja, naye alikuwa Msamaria. Sisi nasi tumetii mengi: tumejenga, tumesoma, tumetoa sadaka. Lakini je, tumerudi kushukuru? Majina ya wamisionari wanne yameandikwa vitabuni. Majina mengi ya walimu na wazee waliolilinda kanisa katika miaka ile ya vita hayakuandikwa, nayo yapo tu vinywani mwa wajukuu wao, ambao sasa ni wazee.

Kwa hiyo kila usharika katika mwaka huu wa jubilii na uwachague vijana wawili au watatu wajuao kuandika vema. Waende nyumbani kwa wazee, wawaulize ni nani waliofundisha na kuhubiri kijijini mwao wakati wa vita, na majina hayo yaandikwe katika kitabu cha usharika, yasomwe mbele ya watu Jumapili ya mavuno.