Nakala Iliyo Karibu: Seva za Akiba na Kituo cha KIXP, Nairobi

Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa. Wanafunzi mia moja walipofungua ukurasa uleule, ukurasa huo uliletwa mara mia. Seva ya akiba huhifadhi nakala ya kilichokwisha kuombwa, hivyo safari ya ng'ambo hubaki moja. Programu ya Squid, iliyotolewa bila malipo mwaka 1996, iliwapa hata watoa huduma wadogo uwezo huo.

Hata hivyo, akiba ya mtoa huduma mmoja haikuwafaa wateja wa mwenzake. Palihitajika mahali pa kukutanisha mitandao. Kituo cha KIXP kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa na mdhibiti kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Seva za akiba za Google zilipowekwa nchini mwaka 2011, zilikuta njia imekwisha kutengenezwa.

Akiba, lakini, hufuata wingi wa maombi. Video inayotazamwa na wengi hupata nakala Nairobi. Makala ya Kiswahili yenye wasomaji wachache, ikiwa imehifadhiwa Ulaya, huendelea kuvuka bahari kila inapoombwa.