Herufi na Mistari: Nota Mbili za Kwaya za Masama

Wanazuoni wenzangu, tunapojadili historia ya maandishi ya Kiswahili, aghalabu tunataja hati mbili: ya Kiarabu na ya Kilatini. Leo naomba tutazame maandishi yanayokaa juu ya maneno ya wimbo, yaani nota.

Misheni ya Leipzig ilifika Machame, jirani na Masama, mwaka 1893. Wajerumani hao walizoea nota za mistari mitano, mfumo ambao msingi wake ni kazi ya mtawa Guido wa Arezzo katika karne ya 11. Mfumo wa pili, sol-fa, ulianzishwa Uingereza na Sarah Glover, kisha John Curwen akaukuza tangu miaka ya 1840. Wamisionari na walimu waliueneza Afrika. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 tuni ya wimbo wetu wa taifa, aliandika kwa sol-fa.

Sol-fa hutumia herufi d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha mapigo, na kistari hurefusha sauti. Ubao na chaki vyatosha. Kwa kuwa “do” huhama kila ufunguo unapobadilika, mwanafunzi hujifunza uhusiano wa sauti. Hata hivyo, jicho halioni tuni ikipanda na kushuka. Mistari mitano huonyesha hilo wazi, tena humpa mpiga tarumbeta sauti kamili anayoihitaji. Ndiyo maana usharika mmoja waweza kuwa na waimbaji wasomao herufi na wapigaji wasomao mistari.

Kwa mwanaisimu, mifumo yote miwili ni ushahidi. Mstari wa wima hutangulia pigo zito. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mishororo mingi ya tenzi za Kijerumani huishia kwa silabi yenye mkazo. Soma nota, utaona mfasiri aliposhinda na aliposhindwa. Katika Kimachame, lugha yenye toni, mvutano huzidi: tuni yaweza kupingana na toni ya neno.

Basi tufundishe ipi? Naona mwanafunzi aanze na sol-fa ili sikio lijue njia, kisha apelekwe kwenye mistari. Tukiiacha sol-fa kwa kuiona ya kizamani, madaftari ya walimu wa kwaya waliotutangulia yatabaki mikononi mwa wajukuu wanaoitambua kila herufi, lakini wasioweza kuuimba wimbo.