Nani Aliwaosha Wazee wa Laeken

Mfalme Leopold wa Pili alipozeeka alipanda baiskeli ya magurudumu matatu. Miguu ilishaanza kumgomea, alichechemea na kutembea na fimbo, na bustani zake za Laeken ni kubwa. Basi akawa anazunguka na chombo hicho, alichokiita mnyama wake, kati ya nyumba za vioo alizoijengea mitende yake. Magonjwa aliyaogopa mno. Gazeti lake lilipigwa pasi kila asubuhi ili vijidudu vife kwanza. Mvua ikinyesha, ndevu zake ndefu zilitiwa ndani ya mfuko wa ngozi. Wanaoandika historia huyaeleza mambo haya ili msomaji acheke. Mimi sicheki, kwa sababu wazee wa namna hiyo ndio riziki yangu: yupo asiyekula uji mpaka kijiko kifutwe mbele ya macho yake, na yupo anayevaa kofia ya sufu mwezi wa Julai.

Nimezaliwa Lubumbashi, na kazi yangu ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee hapa Laeken, mwendo mfupi kutoka hospitali ya Brugmann. Laeken iko kaskazini mwa Brussels. Ilijitegemea kama manispaa mpaka 1921, ilipounganishwa na jiji. Wageni huijua kwa kasri la mfalme na yale matufe tisa ya Atomium. Vitabu vya historia yake vimejaa wasanifu majengo. Nimevisoma vingi ndani ya tramu, na kila mara huwa najiuliza swali la kikazi: huyo mzee aliyelazwa humo, nani alimgeuza usiku?

Desemba 1909 utumbo wa mfalme uliziba. Hakuwa akilala kasrini tena bali katika Banda la Mitende, kijumba kilichoungana na nyumba za vioo, na humo humo daktari Thiriar akampasua. Siku chache kabla alikuwa amefunga ndoa ya kanisani na Caroline Lacroix, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 48. Upasuaji ulionekana umekwenda vizuri. Tarehe 17 donge la damu likamuua. Alikuwa na miaka 74, umri ule ule aliofia baba yake, Leopold wa Kwanza, hapo hapo Laeken, mwaka 1865. Wote wawili wamezikwa chini ya kanisa la Mama Yetu wa Laeken, lile lililochorwa na Joseph Poelaert.

Donge lile nalifahamu. Mzee akilala chali, misuli ya miguu inayosukuma damu kurudi juu hulala pamoja naye. Damu inazubaa, inaganda, kisha kipande kinasafiri hadi kwenye mapafu. Na misuli yenyewe mtu amekuwa akiipoteza kidogo kidogo tangu ujana wake umalizike, kwa hiyo kitanda cha wiki moja kinaweza kumnyang'anya nguvu ambazo hatazirudisha kwa miezi. Ndiyo maana siku hizi bibi wa miaka 80 akitengenezwa nyonga leo, kesho tunamkalisha na keshokutwa tunamsimamisha, hata akitutukana. Mwaka ule ule wa 1909, kule New York, daktari Ignatz Nascher, mzaliwa wa Vienna, alilipa tawi la tiba ya wazee jina lake, jeriatria, akidai kwamba uzee unastahili waganga wake kama utoto ulivyo na wao. Pengine mfalme alikufa kabla habari hiyo haijawafikia waganga wake.

Tuseme na fedha. Nyumba za kwanza za vioo, kazi ya Alphonse Balat, zilianza kujengwa miaka ya 1870, kabla Leopold hajaipata Kongo. Lakini upanuzi mkubwa wa kasri mwanzoni mwa karne iliyofuata ulilipwa kwa faida ya mpira, na mpira ulikusanywa na wanaume waliosukumwa msituni huku wake zao wameshikwa mateka mpaka kilo zitimie. Katika nchi ya namna hiyo kufika miaka 74 ni bahati nasibu. Tarehe 9 Aprili 1900, siku aliyotimiza miaka 65, mfalme aliandika barua ya kuliachia taifa sehemu kubwa ya mashamba na majumba yake, kwa sharti kwamba yasiuzwe na kwamba warithi wake waendelee kuyatumia. Tarehe 10 Mei, mwezi mmoja baadaye, Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya pensheni iliyompa mfanyakazi fukara wa miaka 65 ruzuku ya faranga 65. Kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni senti 18 kwa siku. Sidhani kuna aliyekaa akazilinganisha hizo 65 mbili, lakini mimi nimezilinganisha.

Kabla ya pensheni, fukara aliyezeeka bila watoto aliishia hospisi. Ile kubwa ya Brussels, kazi ya Henri Partoes, ilijengwa kati ya 1824 na 1827 mjini, karibu na mfereji: nyua mbili, madirisha mengi, mabweni marefu. Walioosha huko walikuwa watawa, na mtawa halipwi mshahara. Mabadiliko yalianza 1907, Antoine Depage alipomwita Edith Cavell kutoka Uingereza kuongoza shule ya wauguzi wasio watawa. Cavell anakumbukwa kwa sababu Wajerumani walimpiga risasi 1915. Kwangu mimi jambo lake kubwa ni jingine: alisema kuosha mgonjwa ni ujuzi, una vitabu na mtihani, na una malipo.

Hospitali ya Brugmann ni ya zama hizo hizo. Benki ilimtajirisha Georges Brugmann, wasia wake ukaanzisha mpango, Victor Horta akapewa kazi 1906, na kwa vita na mengineyo milango ikafunguliwa 1923. Horta yule yule wa nguzo za chuma zinazojikunja kama mizabibu hapa alitulia: mabanda ya matofali, mafupi, yametawanywa bustanini ili hewa na jua viingie kila upande. Kwa kifua kikuu ilikuwa hekima. Kwa mtu wa miaka 85 mwenye kitembezi, kutoka banda moja kwenda jingine ni safari. Nimesukuma viti vya magurudumu kwenye njia zile wakati wa baridi, nikamsema Horta kwa Kiswahili, maana hapo hakuna anayeelewa.

Baada ya vita ya pili, amri ya Desemba 1944 ilileta hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi, na 1976 kila manispaa ikapewa kituo chake cha ustawi wa jamii, na vingi vya vituo hivyo vina nyumba za wazee. Hayo yamo katika vitabu vyote, siyarudii.

Kilichobadilisha kazi yangu zaidi ni karatasi moja. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, alichapisha orodha ya mambo sita: kuoga, kuvaa, kutoka kitandani kwenda kitini, kwenda msalani, kujizuia, kula. Aligundua kwamba wazee wengi huyapoteza kwa mpangilio. Kuoga hutangulia kuondoka. Kula hubaki hadi mwisho, kama mtoto anavyojifunza kula kabla ya kujiogesha, ila kinyumenyume. Ubelgiji iliichukua orodha hiyo ikaifanya kipimo cha malipo. Kila jambo lina alama kuanzia 1 hadi 4, na mkazi hupewa herufi: O anajiweza, A, B, kisha C, na nyingine kwa waliopotewa na akili. Fedha hufuata herufi. Sasa fikiri: ukitumia dakika 20 kila asubuhi kumwacha mzee afunge vifungo vyake mwenyewe, baada ya miezi akaweza, herufi inashuka na ruzuku inashuka nayo. Ukimvalisha kwa dakika nne, kila mtu anafurahi isipokuwa vidole vyake. Sisemi kuna anayefanya hivyo kwa makusudi. Nasema dakika 20 hazipo.

Kuna mzee mmoja ghorofa ya pili ambaye namwosha mimi kwa sababu wengine anawapiga. Alizaliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, miaka ya thelathini; baba yake alikuwa mtu wa reli, na aliyemlea mtoto alikuwa mwanamke wa Katanga. Kifaransa chake kimeanza kukatika. Naanza na uso, maji matupu bila sabuni, kisha shingo na mikono. Ngozi ya mkono wake imekonda hivi kwamba saa ya mkononi inaweza kumchana, kwa hiyo saa yangu huwa mfukoni. Makwapa nayakausha kwa kugusa, si kwa kusugua. Tukifika mgongoni namgeuza ubavu, natazama mfupa wa kiuno na visigino: wekundu usiofifia ukiubonyeza ni kidonda kinachojiandaa, na hapo inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili. Asubuhi moja, nikiwa nyuma yake, akasema, “Mama, maji iko baridi.”

Nilimjibu, “Pole, papa. Naleta ya moto.”

Akauliza kama leo kuna bukari, yaani ugali. Kiswahili cha kwetu kabisa, cha uani, cha mtoto wa miaka mitano. Daktari wetu hakushangaa: ugonjwa wa kusahau hula kwanza yaliyo karibu, jana na juzi na jina la mkwe, na ya utotoni huyaacha kwa muda mrefu zaidi. Tangu siku hiyo hanipigi. Naye pengine ananichanganya na yule aliyemlea, ambaye jina lake hajawahi kulitaja, na ambaye uzeeni mwake sijui aliogeshwa na nani.

Wakazi wetu wengi walikuwa vijana mwaka 1958, Maonyesho ya Dunia yalipofanyika hapa Heysel, sehemu ya Laeken. Wanakumbuka Atomium ikiwa mpya, wanakumbuka sare za wahudumu. Kijiji cha Wakongo, ambamo watu wa kwetu waliwekwa nyuma ya uzio wa mianzi wachonge na kufuma huku wakitazamwa, wanakikumbuka wachache, au wanakitaja wachache. Kulikuwa na watazamaji waliowarushia ndizi. Mwezi wa Julai mafundi wale walichoka, wakarudi nyumbani, na kijiji kikabaki kitupu hadi maonyesho yalipofungwa. Leo ukitazama zamu yetu ya usiku, Wakongo, Wanyarwanda, Wamoroko, Wakameruni, utaona waliorudi kwa mlango wa wafanyakazi.

Masika ya 2020 ndiyo yaliyotuonyesha tulipo. Katika wimbi la kwanza la korona, zaidi ya nusu ya waliokufa Ubelgiji walikuwa wakazi wa nyumba za wazee. Barakoa zilikwenda hospitalini kwanza. Madaktari Wasio na Mipaka, tuliowazoea kuwaona Kivu, waliingia kusaidia nyumba za wazee za Brussels.

Wenye taji nao huzeeka papa hapa. Malkia Fabiola alimalizia maisha yake katika jumba la Stuyvenberg, mifupa imekonda na mgongo umeinama, akafa 2014 akiwa na miaka 86. Mwaka mmoja kabla, Albert wa Pili aliliambia taifa kwamba umri na afya havimruhusu tena kufanya kazi kama anavyotaka, akang'atuka akiwa na 79. Sikumlaumu; alisema ukweli. Ila sheria ya 2015 imetupandishia sisi umri wa pensheni: 66 tangu 2025, 67 ifikapo 2030. Magoti yangu na kiuno changu vinajua herufi zao kwenye karatasi ya Katz.

Na wasiotimiza miaka ya michango? Ipo posho ya uzeeni kwa wenye kipato kidogo, na wengi wa mama zetu wanaipokea, kwa sababu walisafisha nyumba na kuosha wazee wa watu kwa miaka mingi bila karatasi. Anayeipokea alitakiwa asikae nje ya Ubelgiji zaidi ya siku 29 kwa mwaka, na kuanzia Julai 2019 watu wa posta walitumwa kubisha milangoni kuhakikisha yupo. Vuli hiyo mama mmoja wa kanisani kwetu alifiwa na kaka yake huko Likasi, Kongo. Alikwenda. Kwetu matanga huvunjwa siku ya arobaini. Yeye alirudi siku ya 27, ndugu wakaimaliza arobaini bila dada mkubwa. Mtu wa posta alipokuja mwezi uliofuata alimkuta, akamwonyesha kitambulisho, akamkaribisha chai. Kijana alikataa kwa adabu. Alikuwa na milango mingine mingi ya kubisha kabla ya saa sita.