Nane bila, saba bila, na timu iliyopandia mezani

Imetimia miaka kumi tangu Februari 2016, na vijiweni Tarime na Mugumu ubishi haujaisha. Siku moja ya mwezi ule Geita Gold iliichapa JKT Kanembwa mabao 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Lilikuwa Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, ambamo Polisi Mara, timu ya mkoa wetu, nayo ilikuwamo ikihangaika.

Kundi lilikuwa na nafasi moja tu ya kupanda Ligi Kuu. Geita na Tabora walikuwa wanafukuzana kileleni, mabao ndiyo yangeamua, basi mabao yakamiminika. Hata asiyejua mpira alinusa kitu. Shirikisho la soka nchini, TFF, likalipeleka suala kwenye Kamati ya Nidhamu, na Aprili hukumu ikatoka: Geita, Polisi Tabora na Oljoro zikashushwa daraja, Kanembwa ikatupwa chini zaidi, na watu kadhaa wakafungiwa. Nafasi ikaangukia Mbao FC ya Mwanza, ambayo kwa matokeo ya uwanjani haikuwa imeipata.

Waliosema timu ya mezani itaaibika walinyamazishwa mapema. Mwaka 2017 Mbao iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la FA pale Kirumba, kisha ikaipeleka Simba dakika za nyongeza kwenye fainali Dodoma, ikafungwa 2-1. Ndiyo maana siamini kwamba uwanja peke yake hutenda haki. Uwanja nao unaweza kununuliwa.

Lakini meza, yaani maamuzi ya ofisini, nayo ina dhambi zake. Kenya, mwaka 2017, Sofapaka na Muhoroni Youth zilikaribia kuachwa nje ya ligi kwa kukosa leseni ya klabu, mgogoro ukafika kwenye baraza la migogoro ya michezo kabla hazijarejeshwa. Uingereza, kwenye raga ya ligi, London Broncos walishinda fainali ya kupanda mwaka 2023, kisha alama za tathmini ya klabu, zilizokuwa ziamue baadaye nani acheze ligi kuu, zikawaweka nafasi ya 24. Waliingia ligi kuu wakijua watashushwa.

Huku kwetu, Polisi Mara iligeuka Biashara United na kupanda mwaka 2018, nyumbani ikiwa uwanja wa Karume, Musoma. Mwaka 2021 ilimaliza ya nne, ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha haikufika Libya kwa marudiano. Ikatolewa bila kupiga mpira. Mwaka 2022 ikashuka. Geita iliyoadhibiwa, kwa upande wake, ilirudi na kupanda kwa jasho mwaka 2021.

Safari ile ya Libya iliyokwama ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka leseni kali za klabu: ofisi, hesabu zilizokaguliwa, timu za vijana, makocha wenye vyeti. Sawa. Ila masharti hayo yanapima mfuko kabla ya mguu. Dhahabu ya Nyamongo inatoka Tarime, na timu ya taifa ya vijana inaitwa Serengeti Boys, lakini kijana wa Mugumu, wilayani Serengeti kwenyewe, akitaka kuona mechi ya maana hupanda basi kwenda Musoma. Ningeona haki zaidi kama klabu inayopanda kihalali ingepewa misimu miwili ya kutimiza masharti hayo ikiwa tayari ndani ya ligi, mapato ya milangoni na ya televisheni yakiwa mkononi, kuliko kudaiwa yote ikiwa bado inachangishana nauli.