Chungu ya kiangazi: samaki mubichi na historia yake huku Kalemie

Siku moja niliuliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tano swali hili: kwenu nyumbani, chakula ya kiangazi ni nini? Karibu wote walijibu: bukari na tomson. Kwa mgeni asiyejua, tomson ni ile samaki ya bahari inayofika kwetu ndani ya karato, imeganda kama jiwe. Tunaishi kando ya ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650 na kina cha metri 1.470, na mtoto wa hapa anataja samaki ya bahari asiyoiona hata siku moja! Nilitaka kuwagombeza. Lakini nikakumbuka kwamba jana yake, kwangu pia, tulikula hiyo hiyo.

Basi ndugu msomaji, tuzungumze juu ya chungu ya kiangazi jinsi wazee wetu walivyoipika, na namna gani ilifika kuwa vile.

Kiangazi kwetu ni kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa. Mvua inakatika, vumbi inaingia mpaka ndani ya vitabu, na upepo wa kusi unavuma. Wavuvi wanauogopa juu ya mawimbi, lakini upepo huo ndio unalisha ziwa. Unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini yanapanda pamoja na chakula kilichokuwa kimelala humo. Vijidudu vya majini vinaongezeka, ndakala wanavifuata, na mikebuka wanafuata ndakala. Majirani zetu wa Bujumbura wanasema ndagala na mukeke, lakini ni samaki wale wale.

Nkambo wangu, mama ya mama, hakukubali samaki ilale nyumbani bila kupikwa. Mikebuka iliyonunuliwa asubuhi ku bwalo iliingia ndani ya chungu mbele ya saa sita. Aliikata mikato mitatu kila upande, akapaka chumvi na ndimu, akaacha kidogo. Chini ya chungu alipanga vitunguu, juu yake tomati zilizopondwa kwa mkono, kisha samaki, kisha pilipili nzima bila kuipasua, ili itoe harufu bila kuunguza watoto. Maji yalifika nusu ya samaki tu. Mafuta ya mawese hapana: alisema mawese ni ya sombe na ya samaki kavu, kwa samaki mubichi inafunika utamu wake. Na mwiko hauingii. Unashika chungu kwa masikio yake na kuitikisa, bila hivyo samaki inavunjika na unakula miiba. Dakika kumi na tano, bwana, na kazi imekwisha.

Ndakala ya mubichi aliifunga ndani ya majani ya ndizi pamoja na chumvi na kitunguu, akaiweka juu ya makaa. Pembeni kulikuwa lengalenga, kwa sababu wakati wa kiangazi majani ya muhogo yanakuwa magumu, lakini lengalenga inayomwagiliwa maji kando ya mto inabaki laini.

Tunapenda kusema hiyo ni "chakula ya mababu". Ni kweli, lakini tuchunguze ndani ya chungu. Muhogo wa bukari ulitoka Amerika. Wareno ndio waliuvusha bahari ya Atlantiki, na ulitembea mkono kwa mkono mpaka kwetu. Mahindi, tomati na pilipili pia asili yao ni Amerika. Ndimu ilitoka Asia, ikapita pwani ya Waswahili, ikafuata njia ya misafara pamoja na maembe na mpunga. Misafara hiyo ilivuka ziwa kutoka Ujiji na kutua Mtowa, karibu na hapa, kabla ya kuendelea Manyema. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walikuta biashara hiyo inafanyika tayari. Tusisahau kwamba njia hiyo iliyotuletea ndimu ndiyo iliyopeleka watu wetu utumwani. Chumvi nayo ilivuka kwa mitumbwi: ilitengenezwa Uvinza, ng'ambo ya pili, na ilikuwa mali ya thamani. Kumbe cha kwetu kabisa ndani ya ile chungu ni samaki, na akili ya kupima wakati.

Kuvua pia kulikuwa na wakati wake. Usiku usio na mwezi, Waholoholo na Watumbwa wa pwani hii waliwasha moto ndani ya mtumbwi, ndakala wakafuata mwangaza, wakachotwa na wavu wa lusenga. Mwezi ukiwa mkubwa, watu walipumzika, na samaki pia. Baadaye zilikuja taa za petroli, na miaka ya 1950 Wagreki walileta mashua kubwa na nyavu za kuzungusha. Reli ya Kabalo ilikuwa imefika tangu 1915, wakati mji wetu uliitwa bado Albertville. Ndakala kavu ikawa mzigo wa treni, ikaenda kulisha watu wa miji ya mbali. Ya mubichi haikuweza kusafiri. Ilibaki chakula ya mwenye kukaa hapa.

Leo hata huyo mwenye kukaa hapa anaikosa. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula ya samaki imepungua. Wavuvi nao wameongezeka, na nyavu zenye macho madogo zinabeba hata watoto wa samaki. Ndiyo maana nchi nne zenye kuzunguka ziwa zilipatana kulipumzisha, na mwaka 2024 uvuvi ulifungwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Katikati ya kiangazi! Mwaka ule ule maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kuingia ndani ya nyumba za watu na bustani za kando. Wamama wengi walikosa samaki na lengalenga kwa pamoja.

Mimi nakubali ziwa lipumzike. Wazee walilipumzisha kila mwezi, bila karatasi. Lakini miezi mitatu inatosha kwa mtoto kuzoea karato, na mama kijana ambaye hajapika mikebuka ya mubichi kiangazi kizima hatakuwa na kitu cha kumfundisha binti yake.

Kwa hiyo niliandika mapishi ya nkambo ku tablo, sawa vile naandika tarehe za vita. Vijana wanaume walicheka, kisha wakaandika. Msichana mmoja aliinua mkono:

– Mwalimu, na tomson, inawezekana?

Nilimujibu inawezekana, lakini aiache kwanza iyeyuke yenyewe pole pole, bila maji ya moto, na aweke ndimu mara mbili.