Maada Mikononi mwa Wanafunzi

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, jaribio la sayansi shuleni lilikuwa kitu cha kutazamwa. Mwalimu alichoma, akachanganya na kupima, wanafunzi wakaandika alichowaambia. Hata Michael Faraday, ambaye mihadhara yake ya Krismasi kuhusu mshumaa iliwavutia mno watoto wa London, alifanya majaribio yeye mwenyewe huku watoto wamekaa vitini. Vyuoni mabadiliko yalitangulia: kuanzia miaka ya 1820, Justus von Liebig aliwaingiza wanafunzi wake maabarani huko Giessen, Ujerumani, wafanye kazi kwa mikono yao.

Aliyezisukuma shule ni mkemia Mwingereza Henry Armstrong (1848–1937). Tangu miaka ya 1880 alidai kwamba mwanafunzi awekwe katika nafasi ya mgunduzi. Asiambiwe kuwa chuma kinachoshika kutu huchukua kitu kutoka hewani. Akipime kwa mizani, akiache kishike kutu, akipime tena, ndipo aulizwe uzito ulioongezeka umetoka wapi. Chaki nayo ilichomwa kwa moto mkali hadi ikapungua uzito, na mtoto akatafuta kilichotoka. Njia hiyo ilikuwa na kasoro ya kweli, kwani ilikula muda mwingi, na hakuna mtaala unaoweza kumsubiri kila mtoto agundue upya kazi ya vizazi vya wanasayansi. Hata hivyo, mizani iliyokwisha kufika mezani kwa mwanafunzi haikuondoka tena.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa vifaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, UNESCO ilitoa kijitabu kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizobomolewa na vita, na mwaka 1956 kikapanuliwa kuwa kitabu kikubwa cha majaribio yanayotumia chupa, mikebe na mishumaa. Majaribio ya namna hiyo hayahitaji maabara. Glasi yenye karatasi iliyobanwa ndani, ikipinduliwa na kuzamishwa wima majini, hutoka na karatasi kavu, na mtoto huona kwamba hewa nayo ni maada inayochukua nafasi.

Tanganyika ilitoa mfano ambao vitabu vya fizikia duniani vinautaja hadi leo. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyaweka bila kuyachemsha. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kwamba amejichanganya.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Basi alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, alichukua bika mbili, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye maji ya moto. Hapo kijana alitimiza alichokitaka Armstrong, tena bila kuagizwa na mwalimu.

Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipoitembelea shule, Mpemba alimuuliza swali lile lile mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakulipuuza. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja katika jarida la *Physics Education*.

Sababu yenyewe bado inabishaniwa. Wengine hutaja mvuke unaopunguza maji ya moto, wengine gesi zinazotoka maji yanapochemka, wengine mizunguko ya maji ndani ya chombo. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na kusema hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa tukio hilo, wakionyesha kuwa kusogeza kipimajoto kidogo tu kunaweza kubadili matokeo.