Hadithi za Wayunani hazikuwahi kuwa na kitabu kimoja

Katika Makumbusho ya Vatican kuna mtungi wa udongo uliochorwa na fundi wa Athens aitwaye Exekias, kati ya mwaka 540 na 530 hivi kabla ya Kristo. Wanaume wawili wameketi wakiinamia kimeza, mikuki bado mikononi, ngao zimeegeshwa nyuma ya migongo yao. Ni Achilles na Ajax, majabali wa vita vya Troy, wanapumzika kwa mchezo. Karibu na mdomo wa Achilles fundi ameandika neno lenye maana ya nne. Karibu na mdomo wa Ajax, tatu. Achilles anaongoza. Mtoto aliyezoea vitabu vya katuni haambiwi nani anasema nini. Kilichokosekana ni lile puto la maneno tu.

Na mchezo wenyewe? Homer hausimulii. Hakuna andiko la kale lililotufikia linaloutaja. Ama Exekias aliusikia kwa watu, ama aliutunga mwenyewe, na wateja wakaununua mtungi bila kumuuliza amepata wapi ruhusa.

Nauleta mtungi huu kwa sababu ya lalamiko linalosikika kila mzazi anapomkuta kijana wake amezama katika riwaya za Percy Jackson au katuni za Zeus na nduguze: kwamba hizo ni porojo, asome kitabu chenyewe. Kitabu chenyewe kipi? Wayunani hawakuwa na msahafu wa miungu yao. Walikuwa na washairi, wachoraji na waandishi wa tamthilia, na kila mmoja alimsahihisha mwenzake mchana kweupe. Stesichorus, mshairi wa Sicily, inasemekana alipofuka kwa kumkashifu Helen, yule ambaye vita vya Troy vilipiganwa kwa ajili yake, akafumbuka macho alipotunga shairi jingine la kukana kwamba mwanamke huyo alikwenda Troy. Mwaka 412 kabla ya Kristo Euripides aliipandisha jukwaani habari hiyo hiyo: miaka yote kumi ya vita Helen wa kweli alikuwa Misri ametulia, na watu walichinjana kwa ajili ya kivuli.

Aliyenichekesha kuliko wote ni Lucian, mzaliwa wa Samosata katika Uturuki ya leo, aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo. Kitabu chake anakiita Hadithi ya Kweli, kisha anatangulia kukiri kwamba hamna hata neno moja la kweli ndani yake. Jahazi lake linapeperushwa hadi mwezini, linakuta vita kati ya watu wa mwezi na watu wa jua. Baadaye anafika kisiwa cha wafu, anakutana na Homer na kumhoji kama mwandishi wa habari. Wakati wa kuondoka, Odysseus anamvuta pembeni na kumpenyezea barua ampelekee Calypso, yule bibi wa kisiwani aliyemwacha. Mkewe Penelope asijue! Barua inasema anajuta kuondoka, na akipata upenyo tu atatoroka arudi. Mke amesubiri miaka 20, na mume bado anawaza kisiwa. Vijana wanaoandika leo visa vya ziada kuhusu wahusika wawapendao wana babu yao hapo.

Karne nyingi za katikati nazipita mbio, ila ninong'oneze jambo moja kwa wasomaji wa Alfu Lela Ulela. Jitu lile linalowabanika mabaharia wa Sindbadi katika safari ya tatu, kisha wakalipofua kwa vyuma vya moto, ni ndugu wa karibu sana wa Polyphemus aliyepofuliwa na Odysseus. Babu zetu wa pwani waliosikiliza habari za Sindbadi hawakuhitaji kusoma Kigiriki ili wamjue.

Vita vya vitabu vya watoto vilianza katikati ya karne ya 19. Mwishoni mwa 1851 Mmarekani Nathaniel Hawthorne, akiwa Massachusetts, alitoa mkusanyiko wa hadithi za Kigiriki kwa ajili ya watoto. Alijipa uhuru mkubwa. Karibu kila mtu anajua kwamba mfalme Midas, baada ya kupewa uwezo wa kugeuza kila akigusacho dhahabu, alimgusa binti yake naye akawa sanamu. Mtafute binti huyo kwa Ovid, mshairi wa Kirumi aliyetuachia kisa hicho: hayupo. Kwa Ovid ni mkate na divai vinavyogeuka. Binti ni wa Hawthorne, aliyempa hata jina, Marygold. Leo anahesabiwa kuwa wa kale kama Midas mwenyewe.

Charles Kingsley, mchungaji wa Kianglikana huko Uingereza, alikiona kitabu cha Hawthorne kuwa cha ovyo. Mwaka 1856 akajibu kwa kitabu chake, The Heroes, alichowaandikia wanawe: Perseus, safari ya Argo, na Theseus. Lugha yake ni tukufu, lakini angalia anavyojikwaa kwa adabu. Wayunani walisema Zeus alimshukia Danae kama mvua ya dhahabu, ndipo Perseus akazaliwa. Kwa Kingsley, Danae anafungiwa chini ya ardhi mtu asimfikie, kisha siku zinapita, anajifungua mtoto mzuri. Basi. Mvua hakuna. Mtoto mwenye akili atauliza, na baba atakohoa.

Kitabu hicho ndicho wamisionari walichokitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mashujaa: Hadithi za Kiyunani. Hivyo Mswahili wa kwanza kumsoma Perseus kwa lugha yake alimpata akiwa tayari ameoshwa na mchungaji. Wagiriki wasiooshwa walikuja baadaye sana, Samuel Mushi alipotafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode. Humo mtu anamuua baba yake na kumuoa mama yake, na hakuna anayekohoa.

Katuni za kuchapwa ziliingia katika mkondo huu kuanzia mwaka 1941 huko New York, Albert Kanter alipoanzisha mfululizo uliokuja kuitwa Classics Illustrated. Iliad ilitoka 1950, Odyssey mwaka uliofuata. Kila toleo lilimhimiza msomaji akasome pia kitabu kamili, ushauri ambao wanafunzi wengi waliupuuza kwa furaha wakaandika kazi zao za shule kwa kutumia katuni hizo.

Rick Riordan, mtunzi wa Percy Jackson, alikuwa mwalimu huko Texas. Mwanawe, aliyekuwa akihangaika kusoma na kutulia darasani, alipenda visasili vya Kigiriki, na baba alipoishiwa akabuni kipya usiku kitandani. Katika The Lightning Thief, kilichotoka 2005, herufi zinamchanganya Percy kwa sababu ubongo wake umeumbwa kwa Kigiriki cha kale, na kutotulia kwake ni wepesi wa mpiganaji. Ni ufundi mkubwa kuugeuza mzigo wa mtoto kuwa ukoo wake.

Baada yake milango ilifunguka. George O'Connor alichora Olympians, juzuu 12 kuanzia 2010 hadi 2022, na nadhani ndicho kitabu cha kumpa mtoto kabla ya Kingsley. Madeline Miller, katika The Song of Achilles ya 2011, aliwafanya Achilles na rafiki yake Patroclus wapenzi. Waliopiga kelele kwamba ameharibu hawakujua kwamba Aeschylus aliwaonyesha hivyo jukwaani, na kwamba katika Karamu ya Plato mzungumzaji mmoja anambishia Aeschylus kuhusu nani kati ya wawili hao alikuwa mpenzi na nani mpendwa.

Ninayemlaumu kidogo ni Rachel Smythe wa New Zealand, ambaye Lore Olympus yake ilianza 2018 na kusomwa kwa simu na mamilioni ya watu. Rangi zake ni za kupendeza, zambarau na waridi. Hades, mungu wa kuzimu, na Persephone kwake ni wapendanao, na Demeter ni mama anayebana. Utenzi wa kale wa Demeter unamfuata mama huyo akizunguka dunia siku tisa na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi, akiuliza binti yake aliyetekwa na Hades yuko wapi, mpaka anazuia mbegu zisiote na miungu yenyewe inakosa sadaka. Smythe ana haki yake ya kutunga. Ila mapenzi ya vijana yanapatikana katika kila tamthilia ya runinga, na mama aliyeilazimisha mbingu kujadiliana naye si rahisi kumpata.